Bwawa la Udongo Lililozeeka: Namna ya Kulikagua na Kulitunza Kabla Halijabomoka

Wenye mabwawa ya udongo ya zamani hutoa hoja moja kila wanaposhauriwa kuyakagua: bwawa limekaa miaka mingi, limestahimili mvua kubwa zote, na halijawahi kuleta matatizo. Kumbukumbu za mabwawa yaliyobomoka haziiungi mkono hoja hiyo. Bwawa la Lawn Lake katika jimbo la Colorado, Marekani, lilijengwa na wakulima mwaka 1903 kwa ajili ya umwagiliaji, likabomoka alfajiri ya tarehe 15 Julai 1982 likiwa na umri wa miaka 79. Bwawa la Ka Loko katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, lilijengwa mwaka 1890 na kubomoka tarehe 14 Machi 2006, watu saba wakapoteza maisha. Siku moja kabla ya maafa, wenye mabwawa hayo wangeweza kuusifu uzee wake kama wanavyofanya wengine leo.

Umri hauthibitishi uimara kwa sababu tuta la udongo halibaki kama lilivyojengwa. Udongo hushuka taratibu, bomba lililozikwa ndani yake huliwa na kutu, mizizi hupenya, mchwa na fuko huchimba, tope hujaa upande wa maji, na njia ya kutolea maji ya ziada huzibwa, ama na majani na magogo, ama na mkono wa mtu. Wakati huohuo bonde lililo chini ya bwawa nalo hubadilika. Mahali palipokuwa malisho matupu wakati tuta linajengwa huenda leo pana nyumba, barabara na shule, kwa hiyo bwawa ambalo halijaongezwa hata koleo moja la udongo linaweza kuwa hatari kuliko lilivyokuwa siku lilipokamilika.

Mabwawa makubwa huwa na wahandisi wa kudumu na vyombo vya kupimia. Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa (ICOLD) huliita bwawa kubwa likifikia kimo cha mita 15 kutoka msingi wake, au likiwa na kimo cha kati ya mita 5 na 15 huku likihifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Mabwawa mengi ya mashambani hayafikii viwango hivyo, na kwa sababu hiyo mara nyingi mkaguzi wake wa pekee ni mwenye shamba mwenyewe. Hata hivyo udogo wake ni wa kulinganisha tu. Bwawa lenye eneo la hekta 2 na kina cha wastani cha mita 2 hubeba mita za ujazo 40,000, yaani tani 40,000 za maji, na mzigo huo wote umezuiwa na udongo ulioshindiliwa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la binafsi huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilibomoka na kuua watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto.

Tuta la udongo hubomoka kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni maji kupita juu yake na kuuchimba mteremko wa nje kuanzia chini kwenda juu mpaka mgongo, yaani sehemu ya juu kabisa ya tuta, unakatika. Ya pili ni maji kupenya ndani ya tuta au chini ya msingi yakibeba chembe za udongo, hadi kunakuwa na tundu linalopanuka. Wahandisi huuita mmomonyoko wa ndani. Ya tatu ni mteremko wenyewe kumeguka na kuporomoka, hasa udongo ukilowa kupita kiasi au maji ya bwawa yakishushwa kwa haraka mno. Kazi yote ya utunzaji inayoelezwa hapa inalenga kuzuia mambo hayo matatu.

Utoro wa maji

Utoro wa maji ni mfereji mpana ulioachwa kando ya tuta, chini ya usawa wa mgongo wake, ili maji ya ziada yatokee hapo badala ya kupita juu ya tuta. Unafanya kazi siku chache tu kwa mwaka, na katika miaka ya ukame haufanyi kazi kabisa. Ndiyo maana husahauliwa, na ndiyo maana wengine huuona kama mahali maji yanapopotelea bure. Kishawishi kinachojirudia ni kuuziba kwa magunia ya mchanga, mbao au kiukuta cha mawe kuelekea mwisho wa mvua ili bwawa libakize maji mengi zaidi kwa ajili ya kiangazi.

Tuseme utoro uko mita 1 chini ya mgongo wa tuta, na mwenye bwawa ameuinua kwa sentimita 40. Anaona amepata sentimita 40 za maji. Alichokifanya ni kula nafasi iliyoachwa makusudi kwa ajili ya mafuriko na mawimbi. Uwezo wa utoro kupitisha maji haupungui kwa uwiano wa kimo peke yake bali kwa kasi zaidi: kimo cha maji kinachoweza kupita kikishuka kutoka mita 1 hadi sentimita 60, kiasi cha maji ambacho utoro unaweza kukitoa kabla tuta halijazidiwa hushuka hadi chini ya nusu. Mvua ambayo bwawa liliistahimili miaka yote inaweza kulishinda mwaka huo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Bwawa la South Fork katika jimbo la Pennsylvania, lililokuwa mali ya klabu ya matajiri waliolitumia kwa uvuvi na mapumziko. Mabomba ya kutolea maji chini ya tuta yalikuwa yameng'olewa zamani na hayakurudishwa. Mgongo wa tuta ulikuwa umeshushwa ili magari ya farasi yapate kupita. Kwenye utoro ziliwekwa nyavu za chuma ili samaki wasitoroke, na siku ya mvua kubwa nyavu hizo zikanasa takataka. Tarehe 31 Mei 1889 maji yalipita juu ya tuta, na watu 2,209 wakafa katika mji wa Johnstown na vijiji vya jirani. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na sababu iliyoeleweka kwa walioichukua, na naamini wengi wa wanaosoma haya wanamfahamu mtu aliyefanya mojawapo. Huko Ka Loko nako, uchunguzi uliofuata maafa ulionyesha kwamba utoro wa bwawa ulikuwa haupo tena mahali pake, na maelezo yaliyokubalika zaidi ni kwamba ulikuwa umefukiwa.

Kwa hiyo upana na kina cha utoro visipunguzwe kwa namna yoyote, hata kwa muda. Usilimwe, usipandwe miti, na usivukwe na uzio wa nyaya zilizosukwa karibu karibu. Anayefuga samaki atafute njia nyingine ya kuwazuia. Kivuko cha miguu kilichojengwa juu ya utoro kiwe na nguzo chache na kiinuliwe vya kutosha ili magogo yasikwame hapo. Nyasi fupi zenye mizizi iliyoshikana zitunzwe katika mkondo wote, na mwisho wa utoro, pale maji yanapoteremka kurudi mtoni, pakaguliwe kila baada ya mvua kubwa. Mahali hapo ndipo korongo dogo huanza, likarudi nyuma kidogo kidogo kila msimu kuelekea bwawani. Likiachwa miaka kadhaa huufikia ukingo wa utoro na kuyamwaga maji yote ya bwawa. Korongo hilo lijazwe mawe yaliyopangwa mapema, wakati bado ni kazi ya siku moja. Ihakikishwe pia kwamba maji yanayotoka hayageuki kulamba sehemu ya chini ya tuta.

Lipo swali ambalo mwenye bwawa hawezi kulijibu kwa macho: je, utoro ulioachwa zamani unatosha kwa mafuriko ya leo? Msitu uliofyekwa, barabara, mapaa na mashamba yaliyolimwa hufanya mvua ileile ilete maji mengi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Jibu linahitaji mhandisi wa maji apime eneo linalokusanya maji na kufanya hesabu, na gharama ya kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na matengenezo mengine yote. Kama kuna bwawa jingine juu yake kwenye mkondo huohuo, nalo liingizwe katika hesabu. Maji ya Lawn Lake yalipoteremka yalilipita juu bwawa la Cascade lililokuwa chini yake, nalo likabomoka.

Maji yanayovuja

Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji hata kidogo, na unyevu upande wa nje si sababu ya kutaharuki. Anayekagua anatakiwa kujua maji yanatokea wapi, ni kiasi gani, yamebadilika vipi tangu mara ya mwisho, na yana rangi gani. Maji maangavu yanayotoka kwa kiasi kilekile mwaka hadi mwaka yanaweza kuvumiliwa kwa muda mrefu. Maji yenye vumbi au tope maana yake tuta linatolewa udongo kutoka ndani, na hilo ni jambo la dharura hata kama kijito chenyewe ni chembamba kama kidole.

Dalili hutafutwa wakati wa kiangazi, ambapo ardhi nyingine yote imekauka. Ukanda wa majani mabichi kwenye mteremko wa nje, matete yaliyoota pasipo mkondo, udongo unaobonyea chini ya kiatu, au vyura mahali pasipotarajiwa, vyote huonyesha njia ya maji. Ukaguzi usiishie kwenye mteremko. Sehemu ya chini kabisa ambapo tuta linakutana na ardhi, pembe mbili ambapo tuta linashikana na kilima, eneo linalozunguka mdomo wa bomba, na ardhi ya bondeni hadi makumi ya mita mbele ya tuta zote zitembelewe. Mahali pengine maji huchemka kama chemchemi ndogo huku yakijenga kilima cha mchanga kukizunguka kitundu. Mchanga huo umetoka chini ya tuta.

Kupima ni rahisi. Maji yaelekezwe kwenye kijimfereji kinachoishia na kipande cha bomba, kisha yakingwe kwenye ndoo ya lita 20 na muda wa kujaa uandikwe pamoja na usawa wa maji bwawani siku hiyo. Bila usawa wa bwawa takwimu hiyo haina maana, kwa sababu mvujo huongezeka bwawa linapojaa. Mvujo ukiongezeka wakati usawa ni uleule, kuna njia inayopanuka. Ukipungua ghafla bila bwawa kushuka, wengi hufurahi, lakini ni afadhali kutafuta kwanza kama maji hayajapata mlango mwingine. Sampuli iwekwe pia kwenye chupa inayoonyesha ndani na kuachwa itulie usiku kucha; safu ya udongo ikionekana chini, hilo liripotiwe kwa mhandisi siku hiyohiyo.

Haraka hiyo ina sababu. Bwawa la Teton katika jimbo la Idaho halikuwa la mtu binafsi wala la zamani; lilikuwa jipya na la serikali, nalo lilikuwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976, kati ya saa 1 na saa 2, watu waliona maji ya tope yakitoka. Matingatinga yaliyopelekwa kuziba tundu yalimezwa. Saa 5:57 mgongo wa tuta ulianguka, na watu 11 wakafa. Tangu dalili ya tope hadi kubomoka hazikupita saa tano, katika tuta lenye kimo cha zaidi ya mita 90 lililozungukwa na wahandisi.

Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuziba mvujo kwa nje, kwa saruji au udongo wa mfinyanzi. Maji yaliyonyimwa pa kutokea hupandisha shinikizo ndani ya tuta, yakalowesha sehemu iliyokuwa kavu na kutokeza mahali pengine au kuuporomosha mteremko. Kwa nje maji hayazibwi, huchujwa. Mchanga safi huwekwa kwanza, juu yake kokoto, na juu yake mawe, ili udongo ubaki na maji yapite. Ukubwa wa chembe za kila safu unategemea udongo wa tuta, kwa hiyo kichujio cha kudumu kipangwe na mhandisi.

Udongo wenyewe nao unaweza kuulizwa. Baadhi ya aina za mfinyanzi huyeyukia ndani ya maji bila hata kukorogwa, na tuta lililojengwa kwa udongo huo huweza kutobolewa na ufa mdogo tu. Bonge dogo la udongo wa tuta liwekwe taratibu kwenye glasi ya maji safi ya mvua na kuachwa bila kuguswa. Likimong'onyoka tu na maji yakabaki maangavu, ni kawaida. Wingu la rangi likienea kutoka kwenye bonge na kutanda chini ya glasi, tuta hilo linahitaji ukaguzi wa karibu zaidi na ushauri wa maabara ya udongo kabla ya matengenezo yoyote.

Bomba lililozikwa

Kilichobomoa Lawn Lake kilikuwa madini ya risasi yaliyozibia maungio kati ya bomba la kutolea maji na koki yake. Ziba hiyo ilichakaa, maji yakavuja kwenye maungio, na mvujo ukachimba udongo uliolizunguka bomba mpaka tuta likakatika. Watu watatu walikufa. Idadi ingekuwa kubwa zaidi kama mzoa taka aliyesikia mngurumo asubuhi ile asingepiga simu kuwatahadharisha walio chini.

Bomba ndilo sehemu ya tuta inayozeeka haraka kuliko nyingine, na haionekani. La chuma hutoboka kwa kutu na la zege huachana kwenye maungio tuta linaposhuka. Hali huwa mbaya zaidi pale koki inapofungwa upande wa nje tu, kwa kuwa bomba lote ndani ya tuta hubaki na shinikizo la bwawa usiku na mchana, na kila kitundu kinachotokea hupuliza maji moja kwa moja kwenye udongo. Koki ikiwa upande wa bwawa, bomba hubaki tupu likiwa halitumiki na linaweza kuchunguzwa. Mwenye bwawa ambaye koki yake iko nje azungumze na mhandisi kuhusu kuihamisha au kulivika bomba la zamani bomba jipya kwa ndani.

Koki ifunguliwe na kufungwa walau mara mbili kwa mwaka, hata kama maji yake hayahitajiki, kwa sababu koki iliyoganda ni sawa na kutokuwa nayo siku bwawa linapotakiwa kushushwa. Maji yakiwa yamefungwa, mdomo wa bomba uangaliwe kwa tochi. Maji yanayodondoka kutoka juu ya bomba au udongo uliolala ndani yake huonyesha tundu. Mtu yeyote asichimbe mtaro kwenye tuta kuweka bomba jipya bila usimamizi wa kitaalamu. Udongo uliorudishwa na majembe haushikani na bomba wala na udongo wa zamani, na njia hiyo laini hubaki kuwa udhaifu wa tuta maisha yake yote.

Miti, wanyama na mifugo

Miti juu ya tuta hupendeza na hutoa kivuli, na baadhi ya watu huamini kwamba mizizi hushikilia udongo. Nyasi ndizo zinazoushikilia. Mzizi mnene huingia ndani ya tuta kufuata unyevu, na mti unapokufa mzizi huoza na kuacha mfereji. Mti mkubwa unapong'olewa na upepo huondoka na bonge la udongo lenye upana wa mita kadhaa, mara nyingi usiku uleule wa dhoruba ambao bwawa limejaa. Kichaka nacho huficha mivujo, nyufa na mashimo. Bwawa la Kelly Barnes katika jimbo la Georgia, ambalo mteremko wake wa nje ulikuwa umeota miti, lilibomoka usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977 na kuua watu 39. Wachunguzi hawakulitaja jambo moja tu kuwa chanzo, lakini hali ya mteremko ule ilikuwa miongoni mwa waliyoyaangalia.

Miche ing'olewe ikiwa bado inang'oka kwa mkono. Tuta lote na ukanda wa takriban mita 8 mbele ya sehemu yake ya chini vibaki na nyasi tu, zinazofyekwa fupi kiasi cha kuuona udongo. Mti ambao tayari ni mkubwa usikatwe kwa pupa wala kisiki kisichomwe moto. Kisiki huondolewa pamoja na mizizi minene, maji yakiwa yameshushwa, na shimo hujazwa udongo unaofanana na wa tuta, ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, chini ya maelekezo ya mhandisi.

Mashimo ya wanyama wachimbao yafukuliwe hadi mwisho wake na kujazwa kwa namna hiyohiyo. Kuuziba mlango tu huacha pango ndani. Vichuguu vya mchwa vina hila zaidi, kwa kuwa njia zake huweza kutoboa tuta kutoka upande hadi upande bila dalili kubwa juu. Mifugo isinywe maji moja kwa moja bwawani kwa kupita juu ya tuta, kwani kwato hukata njia ambazo mvua huzigeuza kuwa makorongo. Tuta lizungushiwe uzio, na maji yapelekwe kwa bomba hadi kwenye birika lililo mbali na tuta.

Mgongo wa tuta na nyufa

Mgongo ukishuka mahali pamoja kwa sentimita 20, tuta zima lina kimo cha mahali hapo, maana maji yatapita pale kwanza. Mpira wa maji unaotumiwa na mafundi ujenzi kusawazisha misingi unatosha kabisa kupima usawa wa mgongo kila baada ya mita kumi, mara moja kwa mwaka. Vigingi vikisimikwa kwa mstari ulionyooka juu ya mgongo, mtu akisimama mwisho mmoja ataona kigingi kilichohama. Mahali palipobonyea pajazwe na kushindiliwa, lakini kuinua mgongo wote ili kuhifadhi maji mengi zaidi ni ujenzi mpya wala si matengenezo, na hauruhusiwi bila usanifu.

Ufa unaokwenda sambamba na mgongo unaweza kuwa mwanzo wa mteremko kumeguka, hasa ukipinda kwenye ncha kama upinde na upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine. Ufa unaokatisha mgongo kutoka upande wa maji hadi nje ni wa hatari zaidi, kwa kuwa ni njia iliyokwisha kufunguka. Baada ya ukame mrefu mfinyanzi hupasuka kwa kukauka, na mvua za kwanza zikilijaza bwawa kwa kasi, maji huingia kwenye nyufa kabla hazijafunga. Kwa hiyo bwawa lililokauka likaguliwe kabla ya msimu na litembelewe kila siku linapojaa. Ili kujua kina cha ufa, wahandisi humimina maji ya chokaa ndani yake, kisha huchimba kishimo pembeni na kufuata weupe. Kuujaza kwa juu bila kuujua mwisho wake ni kuuficha tu.

Kuhusu tope lililojaa bwawani, tahadhari moja inatosha: lisichimbwe karibu na tuta. Safu ya tope na mfinyanzi iliyotanda miaka mingi mara nyingi ndiyo inayozuia maji kupenya chini ya msingi, na kuikwangua kunaweza kuanzisha mvujo ambao haukuwapo.

Daftari la bwawa

Bwawa likaguliwe kwa kutembewa lote kila mwezi, kila wiki katika msimu wa mvua, na mara baada ya mvua kubwa au tetemeko la ardhi. Anayekagua apite juu ya mgongo, ashuke mteremko kwa kwenda upande na kurudi, kisha atembee chini kabisa. Katika daftari ziandikwe tarehe, usawa wa maji, kipimo cha mvujo, rangi yake, na kila kitu kipya, pamoja na picha zilizopigwa kutoka sehemu zilezile kila mara. Ufa wa urefu wa mita 3 hauelezi chochote peke yake. Ufa uliokuwa mita 1 mwezi uliopita unaeleza mengi. Walau mara moja kila baada ya miaka michache, na mapema zaidi kama kuna watu wanaoishi bondeni, mhandisi wa mabwawa aalikwe na akabidhiwe daftari hilo.

Tuta likianza kushindwa

Mpango wa dharura uandikwe kabla, katika ukurasa mmoja: nani yuko bondeni, namba zao za simu, barabara na madaraja yatakayofurika, mamlaka ya kujulishwa, na mahali mchanga, kokoto, mawe na magunia yalipo. Maji ya tope yakitoka, shimo likididimia kwenye tuta, kizunguzungu cha maji kikionekana bwawani, au maji yakikaribia mgongo, jambo la kwanza ni kuwaondoa watu walio chini. Jirani akihama bure usiku mmoja, hasara yake ni usingizi tu.

Baada ya hapo koki ifunguliwe na pampu au mabomba ya kufyonza maji yapitishwe juu ya tuta. Pasipo dharura, wahandisi wengi hawapendi maji yashuke zaidi ya takriban sentimita 30 kwa siku, kwa sababu mteremko wa ndani uliolowa hupoteza egemeo la maji na kuporomoka; katika dharura mhandisi ndiye atakayepima hatari ipi ni kubwa. Pale panapofikika bila mtu kusimama chini ya tuta, tundu linalotoa tope hurundikiwa mchanga, kisha kokoto, kisha mawe, na chemchemi ya mchanga huzungushiwa magunia ili maji yapande juu yake na kuipunguzia nguvu. Tundu likionekana upande wa bwawa, hapo ndipo panapozibwa, kwa chochote kilichopo. Mtu yeyote asitumwe kusimama chini ya tuta linalotoa tope, wala mashine isipelekwe hapo.

Wajibu wa mwenye bwawa

Katika nchi nyingi mwenye bwawa ndiye anayewajibika kwa maji yake. Kesi ya Rylands na Fletcher, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1868, ilitokana na bwawa la binafsi ambalo maji yake yaliingia kwenye mgodi wa jirani. Iliwekwa kanuni kwamba anayekusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka atawajibika hata kama hakuzembea, na kanuni hiyo, kwa viwango tofauti, iliingia katika mahakama za nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza. Anayenunua shamba lenye bwawa hununua na wajibu huo, kwa hiyo kabla ya kulipa aombe michoro ya ujenzi, kibali cha maji na kumbukumbu za ukaguzi, na kama hakuna hata kimoja, bei izingatie gharama ya kulichunguza upya.

Wako pia wenye mabwawa ambao hawayahitaji tena au hawana uwezo wa kuyatunza. Kuliacha tu si njia. Usawa wa maji unaweza kushushwa kwa kudumu kwa kuteremsha utoro, jambo linalopunguza mzigo kwa gharama ndogo. Kama bwawa litaondolewa kabisa, maji hutolewa kwanza kwa utaratibu, kisha tuta hukatwa kwa pengo pana lenye kingo za mteremko wa pole, linalofika hadi chini ya bonde la asili ili mafuriko yasikusanyike tena nyuma yake, na tope lililobaki hupandwa nyasi kabla ya mvua zinazofuata. Kazi hiyo hufanywa katika kiangazi, kwa kibali cha mamlaka ya maji, na walio bondeni wakiwa wamejulishwa.